Kupanga Safari ya Uwindaji Bushveld, Afrika Kusini: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wengi wanaouliza kuhusu kuwinda katika mkoa wa Limpopo huanza na mnyama. "Nataka tandala mkubwa mwenye pembe za inchi 55, itanigharimu kiasi gani?" Swali si baya, ila limekuja mapema. Bushveld wanyama wapo. Tandala, swala pala, ngiri na nyumbu wametapakaa kuanzia vilima vya Waterberg hadi ukingo wa mto Limpopo. Kinachoamua kama safari itakuwa njema ni mtu utakayetembea naye porini na karatasi mliyotia saini kabla hujapanda ndege. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu hivi: mtu kwanza, karatasi pili, bunduki tatu, mnyama mwisho.

Hatua ya 1: Lifahamu eneo na jinsi linavyoendeshwa

Bushveld ni nyika ya miti na nyasi iliyoenea kaskazini mwa Afrika Kusini. Sehemu kubwa iko mkoa wa Limpopo, ikigusa North West na Mpumalanga, na nyika ya aina hiyohiyo inaendelea ng'ambo ya mpaka, Botswana na Zimbabwe. Miji utakayoisikia mara kwa mara ni Bela-Bela, Vaalwater, Thabazimbi, Lephalale, Alldays na Musina. Ukitua Johannesburg, barabara kuu ya N1 inakupeleka kaskazini, na ranchi nyingi ziko umbali wa saa 3 hadi 5 kwa gari.

Msomaji wa Afrika Mashariki aelewe tofauti moja mapema. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977. Tanzania uwindaji wa kitalii hufanyika kwenye vitalu vinavyogawiwa na serikali. Afrika Kusini uwindaji mwingi uko kwenye mashamba ya watu binafsi. Sheria ya mwaka 1991 kuhusu wizi wa wanyamapori ilimpa mwenye shamba lenye uzio unaokubalika haki ya kuwamiliki wanyama waliomo, na hata wakitoroka hawageuki kuwa mali ya yeyote atakayewakuta. Wakulima wengi waliona kwamba tandala na nyumbu wanalipa kuliko ng'ombe katika ardhi kavu kama ile, wakaachana na mifugo, wakainua uzio hadi mita 2.4, kimo kinachotakiwa kwa wanyama warukaji, wakarudisha wanyamapori.

Kwa hiyo unapopanga safari hii unashughulika na mfanyabiashara mwenye ardhi na mifugo yake ya porini. Wako waungwana wanaoitunza ardhi vizuri ajabu. Wako pia wanaouza pembe kama bidhaa dukani. Kuwatofautisha ni kazi ya hatua ya 3, na hapo ndipo ninapokuomba utumie muda mwingi kuliko kwingine kote.

Hatua ya 2: Chagua msimu

Nenda kati ya Mei na Septemba. Ranchi nyingi zenye kibali maalumu cha uzio huruhusiwa kuwinda mwaka mzima, lakini majira ya joto ya kule, Novemba hadi Machi, ni wakati wa mvua. Majani huwa mazito kiasi kwamba tandala anaweza kusimama hatua 30 kutoka kwako usimwone, joto linachosha, na nyama huharibika haraka. Majira ya baridi majani hupukutika, nyasi hulala, na vidimbwi vya porini vikikauka wanyama hulazimika kuvifuata visima vichache vilivyobaki.

Kama tandala ndiye unayemtaka hasa, chagua kati ya mwishoni mwa Mei na Julai. Huo ndio wakati madume wakubwa, ambao miezi mingine hujificha vilimani peke yao au wawili watatu, hushuka kuwafuata majike. Kufikia Septemba pori linakuwa wazi zaidi lakini joto limeanza kurudi, na wanyama wamekonda kwa ukame.

Panga siku 7 za kuwinda kwa wanyama watatu au wanne. Siku 5 zinawezekana, ila zinakusukuma kupiga mnyama wa kwanza anayetokea, na haraka ya namna hiyo ndiyo inayozaa risasi mbaya.

Hatua ya 3: Mchague mwindaji bingwa kabla ya mnyama

Kwa sheria za kule, mgeni hawezi kuwinda peke yake. Safari lazima iandaliwe na mratibu wa uwindaji mwenye leseni, na porini lazima uongozane na mwindaji bingwa mwenye leseni. Leseni hizo hutolewa na kila mkoa, kwa hiyo mwenye leseni ya North West pekee hana ruhusa ya kukuongoza Limpopo. Omba nakala ya leseni, soma jina la mkoa na tarehe ya kuisha, kisha uithibitishe kwa idara ya mazingira ya mkoa husika. Kwa Limpopo ni idara inayojulikana kwa kifupi LEDET. Mtu wa kweli hatakasirika ukimwomba karatasi hiyo. Akikasirika, umepata jibu lako bure.

Uanachama wa chama cha wawindaji bingwa ni ishara nzuri ingawa hautoshi peke yake. Chama kikongwe, PHASA, kilianzishwa mwaka 1978. Mwaka 2017 kiligawanyika kwa sababu ya simba wanaozaliwa na kukuzwa kwenye vizimba kisha kuachiwa ili wapigwe risasi. Waliopinga jambo hilo walijitoa na kuunda chama chao. Mwaka 2021 jopo la ngazi ya juu lililoundwa na serikali lilipendekeza ufugaji huo wa simba ukomeshwe. Ninasema bila kuzunguka: usiguse safari yoyote yenye simba wa kizimbani, na kampuni inayowatangaza usiinunulie hata swala. Mnyama aliyezoea kulishwa na mkono wa mtu hawindwi, anachinjwa.

Ukishapata kampuni mbili tatu zenye leseni, piga simu. Barua pepe huandikwa na yeyote. Sauti inakuonyesha kama mtu anaijua ardhi yake. Muulize ranchi ina hekta ngapi, na kama ndani yake kuna uzio mwingine unaoikata vipande. Hekta 3,000 za vichaka na vilima ni pori kweli. Hekta 200 ni ua. Muulize wanyama wamezaliwa hapo au wameletwa, na kama wameletwa, lini. Dume aliyeshushwa kwenye lori wiki iliyopita hajui maji yako wapi wala pa kukimbilia, na hupaswi kulipa pesa kumpiga. Muulize mnawindaje: kwa kutembea na kuvizia, kwa kukaa kibandani karibu na maji, au kwa kufyatua kutoka juu ya gari. Kibanda si aibu, hasa kwa mwenye upinde au mzee asiyeweza kutembea kilomita 10. Kuhusu kufyatua kutoka garini, mimi nashauri ukatae, na ukatazo huo uandikwe.

Kisha muulize ni nani atakayekuongoza kwa jina. Kampuni nyingi humwajiri mwindaji bingwa wa muda wakati wa msimu, na yule uliyezungumza naye kwa furaha kwenye simu unaweza usimwone kabisa. Omba pia kuzungumza na msoma nyayo, yule atakayefuata alama za wanyama mbele yenu, au angalau ujue amekaa ranchini muda gani. Utaona baadaye kwa nini.

Mwisho, omba majina ya wateja waliowahi kurudi bila mnyama waliyemtaka. Kila kampuni ina orodha ya walioridhika. Aliyekosa tandala wake na bado anaisifu kampuni ndiye shahidi mzuri. Mpigie, umwulize jinsi walivyomtendea siku ya mwisho, mikono ikiwa mitupu.

Hatua ya 4: Mkataba na hesabu

Bei huja katika mafungu mawili: ada ya siku, inayolipia kambi, chakula, gari, mwindaji bingwa na wafanyakazi, na ada ya mnyama, inayolipwa kwa kila aliyepigwa. Kuna pia vifurushi vya bei moja. Kifurushi kinamfaa mgeni anayetaka kujua jumla mapema, mradi usome ni wanyama gani na ni siku ngapi. Wageni hutozwa kwa dola za Marekani mara nyingi. Kama wako anakutoza kwa randi, mkubaliane ni kiwango gani cha kubadilisha fedha kitakachotumika na cha siku ipi.

Zaidi ya mafungu hayo mawili kuna gharama ambazo hazionekani kwenye tangazo. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 15, uulize kama imo kwenye bei. Kuna usafiri wa kutoka uwanja wa ndege na kurudi, kodi ya bunduki na bei ya kila risasi, ada ya mwenzi asiyewinda, vibali, na bakshishi za wafanyakazi. Kuna pia kazi ya kuchemsha mafuvu, kuchovya ngozi dawa na kufunga nyara kwa ajili ya kusafirishwa. Kwa mnyama mdogo, gharama ya kumtengeneza na kumsafirisha inaweza kupita ada ya kumpiga. Piga hesabu hiyo kabla ya kuamua unataka nyara ngapi, maana wengi huishia na ngozi zinazodaiwa pesa ya kutolewa bandarini.

Kipengele kimoja usikipite haraka: mnyama aliyejeruhiwa na kupotea hulipiwa kama aliyeuawa. Tone moja la damu likipatikana, ada inadaiwa kamili. Wageni wengine hukiona kama dhuluma. Mimi nakiona kuwa cha haki, kwa kuwa mnyama yule ama atakufa ama ataishi na maumivu kwa ajili ya risasi yako, na mwenye ranchi hawezi kumuuza tena. Ila mkataba useme wazi nani anaamua kwamba damu imeonekana, na wafuatiliaji watatafuta kwa muda gani kabla ya kukata tamaa.

Mkataba uwe na orodha ya wanyama na bei ya kila mmoja, na useme kitatokea nini ukitaka kumpiga asiyekuwemo. Jibu zuri ni kwamba mwindaji bingwa anakutajia bei kabla hujainua bunduki. Uandikwe pia utaratibu wa kuahirisha ukiugua, na kiasi cha malipo ya awali kinachorudishwa. Malipo hayo ya awali, ambayo yanaweza kufika nusu ya bei, yalipwe kwenye akaunti ya kampuni yenye jina lilelile lililo kwenye leseni. Akikuomba utume kwenye akaunti ya mtu binafsi, hapo simama.

Wanyama walioorodheshwa kama walio hatarini au wanaolindwa wana kanuni zao za mwaka 2007, na vibali vyao hutolewa kabla ya kuwinda. Chui, tembo na faru wanaingia pia katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mgao wao wa kuwindwa hubadilika au kusimamishwa: mwaka 2016 na 2017 Afrika Kusini haikutoa mgao wowote wa chui. Mtu akikuahidi chui kwa hakika kabla kibali hakijatoka, anakuuzia hewa. Kwa safari ya kwanza, baki na swala pala, ngiri, nyumbu, pundamilia na tandala. Hao wana mafunzo ya kutosha.

Hatua ya 5: Bunduki yako au ya kukodi

Ushauri wangu kwa anayetoka Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza ni kukodi. Sheria ya silaha ya Afrika Kusini inamruhusu mwenye bunduki yenye leseni kukuachia uitumie akiwa papo hapo anakusimamia, kwa hiyo unakwepa makaratasi yote. Udhaifu wake ni kwamba hujaizoea, na utaufidia kwa kufika mapema na kupiga shabaha vya kutosha kabla ya kuingia porini.

Ukiamua kubeba yako, anza na polisi wa nchi yako kwa kibali cha kuitoa na kuirudisha. Kisha jaza fomu ya polisi wa Afrika Kusini, SAPS 520, kwa wino mweusi, lakini usiitie sahihi. Sahihi huwekwa mbele ya ofisa, kwenye ofisi ya silaha ya uwanja wa ndege wa O.R. Tambo, Johannesburg. Ambatisha nakala zilizothibitishwa za pasipoti, leseni ya bunduki na tiketi ya kurudi, pamoja na barua ya mwaliko ya mratibu wa uwindaji inayotaja tarehe na mahali. Uwe na umri wa miaka 21 au zaidi. Bunduki za kufyatua mfululizo haziingii kabisa, na zinazojipakia zenyewe haziruhusiwi kwa uwindaji wa mgeni. Risasi zisizidi 200 kwa kila kaliba, yaani kipimo cha mtutu, na ziwe za kaliba ya bunduki uliyobeba.

Kaunta ile ndiyo inayokwamisha watu. Ofisa anaichukua bunduki, anaigeuza, anatafuta namba iliyochongwa kwenye chuma, anailinganisha na karatasi tarakimu kwa tarakimu. Herufi "O" iliyoandikwa mahali pa sifuri inaweza kukulaza Johannesburg. Soma namba hiyo nyumbani kwa kurunzi, mwache mtu mwingine aisome pia, ndipo uandike.

Mashirika mengi ya ndege hutaka risasi zisizidi kilo 5, kwenye kasha lao lenye kufuli, mbali na bunduki. Ukibadilisha ndege katika nchi nyingine, uliza kama inahitaji kibali cha kupita na silaha. Baada ya kisa cha simba Cecil aliyeuawa karibu na hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, mwezi Julai 2015, mashirika kadhaa makubwa yaliacha kubeba nyara za baadhi ya wanyama, kwa hiyo uulize na hilo.

Kuhusu kaliba: .30-06 au .308 yenye risasi imara isiyosambaratika inamtosha tandala, nyumbu na pundamilia. .300 inaongeza kasi, lakini kama inakufanya ufumbe macho unapofyatua, iache. Kwa mnyama aitwaye pofu, anayeweza kufika kilo 900, na kwa nyati, .375 ndiyo ya kuanzia. Bunduki unayoipiga vizuri ina thamani kuliko ile kubwa unayoiogopa.

Hatua ya 6: Mazoezi ya kweli

Mezani, juu ya mifuko ya mchanga, kila mtu ni fundi. Bushveld hakuna meza. Utapiga ukiwa umesimama, bunduki imelala juu ya mkongojo wa miguu mitatu, pumzi inapanda na kushuka, kati ya mita 50 na 150. Tengeneza mkongojo wako nyumbani kwa fito tatu na mpira, na ufanye mazoezi ya kuweka bunduki juu yake, kulenga na kufyatua ndani ya sekunde tano. Bunduki iwe tupu; ukiwa na uwanja wa shabaha na risasi, vizuri zaidi.

Sambamba na hilo, jifunze mwili wa mnyama. Wageni wengi hulenga nyuma ya bega, katikati ya kimo. Kwa swala na nyumbu wa kule, moyo uko chini na mbele zaidi, katikati ya miguu ya mbele. Mnyama akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwa jicho hadi theluthi moja ya kifua kutoka chini, lenga hapo. Akiwa amegeuka mshazari, usifikirie mahali risasi inapoingia, fikiria mguu wa mbele wa upande wa pili unaotaka itokee. Chukua picha za tandala katika kila mkao, chora alama kwa kalamu, umwonyeshe mwindaji bingwa siku ya kwanza akusahihishe.

Anza kutembea pia. Saa mbili kila asubuhi, na viatu utakavyovaa.

Hatua ya 7: Mizigo na afya

Nguo za kijani iliyofifia au kahawia, zisizo na sauti zinapokwaruzwa na miiba. Koti zito, kofia ya sufu na glovu, kwa sababu alfajiri ya Juni kwenye gari la wazi baridi inaweza kushuka hadi nyuzi sifuri, na mchana ukavua yote hayo. Ukipanga kuvuka kwenda Zimbabwe, usibebe nguo za madoadoa ya kijeshi. Raia haruhusiwi kuzivaa kule. Beba darubini nzuri ya mkononi hata kama unakodi bunduki.

Waterberg kwa kiasi kikubwa haina malaria, lakini bonde la Limpopo na upande wa mashariki kuelekea hifadhi ya Kruger ipo; mweleze daktari unakwenda wapi hasa. Kupe huleta homa yao: ukiona kidonda kidogo chenye kovu jeusi katikati na kichwa kinauma, mwambie daktari ulikuwa porini. Cheti cha homa ya manjano kinatakiwa kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya ikiwemo, na huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo. Chukua bima inayolipia kuhamishwa kwa ndege kutoka porini.

Hatua ya 8: Siku za porini

Kabla ya chochote, piga shabaha kambini. Darubini ya bunduki iliyogongwa kwenye mizigo haionyeshi kosa lake kwa macho. Mwindaji bingwa naye atakuwa anakutazama: unashikaje bunduki, kidole kiko wapi, mtutu unaelekea kwa nani. Anayoyaona hapo ndiyo yatakayoamua atakusogeza karibu kiasi gani kesho.

Porini mpangilio ni msoma nyayo mbele, mwindaji bingwa nyuma yake, wewe wa tatu. Usizungumze. Akisimama, simama na mguu ulipo. Msoma nyayo atafinya kichupa cha majivu kila baada ya hatua kadhaa aone upepo unakwenda wapi. Upepo ukipiga kisogoni mwenu mtarudi nyuma na kuzunguka, hata kama ni kilomita mbili. Yuko ndege wa kijivu mwenye kishungi ambaye akiwaona hupiga kelele ya kulalamika, na pori lote huinua masikio. Akianza, mnakaa chini mpaka anyamaze.

Usimtafute tandala mzima. Tafuta mstari mlalo mahali ambapo kila kitu kimesimama wima: mgongo. Tafuta sikio linalotikisika, au ncha ya pembe inayong'aa kama mfupa uliolambwa. Mara nyingi msoma nyayo atakuonyesha kwa kidole na hutaona kitu isipokuwa matawi. Usiseme umeona kama hujaona. Omba akuelekeze tena, kwa kunong'ona, mti kwa mti, hadi uone bega lenyewe.

Kisha ujiulize kama ndiye. Dume mzima ana mizunguko miwili na nusu ya pembe, na ncha zimeanza kufunguka kwenda nje. Ncha zinazoelekeana ndani ni za kijana, mwache akue. Mwindaji bingwa akisema "subiri", neno lake ni la mwisho. Akisema "mpige", neno la mwisho ni lako, na una haki kamili ya kukataa: tawi liko mbele ya bega, kuna jike nyuma yake, mkono unatetemeka. Hakuna mwindaji bingwa wa maana atakayekudharau kwa risasi usiyoipiga.

Hatua ya 9: Baada ya mlio

Pakia risasi nyingine papo hapo, macho yakiwa bado kwa mnyama. Angalia alivyoitikia: ameruka juu akapiga mateke, amejikunja mgongo, ameangusha mguu. Kumbuka mti aliosimama chini yake. Akianguka, subiri bunduki ikiwa tayari, akikimbia, msimkimbilie. Mnyama aliyeachwa atulie hulala karibu. Anayefukuzwa hubeba jeraha lake mbali.

Hapa ndipo utakapomheshimu msoma nyayo. Anapiga magoti palepale, anaokota jani la mti wa mopane, analigeuza, analisugua kwa kidole gumba. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, mnyama yuko jirani. Damu nyeusi nzito ni ini, mpeni muda. Damu yenye majimaji ya kijani na harufu ya nyasi zilizotafunwa ni tumbo, na hiyo ni kazi ya saa nyingi. Damu ikikatika, yeye anaendelea: jiwe lililogeuka upande wenye unyevu, unyasi uliovunjika na bado haujajiinua, ukwato mmoja uliochimba kuliko mwingine. Ranchi nyingi zina pia mbwa mdogo wa aina ya Jack Russell aliyefunzwa kufuata damu. Kaa nyuma yao, bunduki ikiwa salama, tembea kando ya nyayo usizivuruge. Mkimkuta hai, mmalize mara moja bila kuhesabu bei ya risasi.

Nyati aliyejeruhiwa ni habari nyingine kabisa. Hapo mwindaji bingwa anaamuru, na akikwambia ubaki kwenye gari unabaki.

Hatua ya 10: Nyama, nyara na malipo

Nyama kwa kawaida ni ya mwenye ranchi. Sehemu huliwa kambini, sehemu hugawiwa wafanyakazi, nyingine huuzwa buchani au hukaushwa kuwa biltong. Omba jioni moja mle maini ya mnyama wako. Uliza pia wafanyakazi wanapata nini. Ranchi inayowapa watu wake nyama ya kutosha huwa na majangili wachache mipakani.

Ngozi inaanza kuharibika ndani ya saa chache, kwa hiyo mwambie mchunaji mapema kama unataka kichwa na mabega au fuvu tu. Mkato wa ngozi hutofautiana. Bakshishi wape msoma nyayo, mchunaji na watu wa jikoni kila mmoja mkononi mwake, baada ya kumuuliza mwindaji bingwa viwango vya kawaida. Usimkabidhi mmoja awagawie wengine.

Nyara za kwenda nje hupitia kwa fundi aliyesajiliwa, ukaguzi wa mifugo na vibali vya kusafirisha, na kazi nzima huchukua miezi mingi, pengine mwaka au zaidi. Nchi yako nayo inaweza kutaka kibali cha kuingiza. Uliza mamlaka ya wanyamapori ya kwenu kabla ya kusafiri, kwani pembe zilizofika forodhani bila karatasi huwa kesi. Kabla hujaondoka, nenda banda la ngozi pamoja na mwindaji bingwa. Kila fuvu na kila ngozi viwe na lebo yenye jina lako, na rejista ya uwindaji ijazwe wanyama wote kwa idadi sahihi, pamoja na aliyejeruhiwa asipatikane. Linganisha na bili mstari kwa mstari, lipa, na uondoke na nakala ya rejista yenye sahihi yake. Hiyo ndiyo utakayoishika mkononi siku kasha litakapofunguliwa mbele ya ofisa wa forodha.